Fundi wa Gari la Nasra

Kambi ya Barabara, Kasulu
12 Februari 2023

Mama yangu mheshimiwa, Mwalimu Mwanne,

Shikamoo. Assalaam aleykum.

Naandika badala ya kupiga kwa sababu mama mkwe si mtu wa kupiga naye soga simuni, na kwa sababu juzi ulisema mimi kwenye simu najua neno moja tu, "salama". Basi nimefika salama. Kazi imeanza. Tunachokishindilia asubuhi mvua inakigeuza tope jioni, na kesho yake tunaanza upya.

Nashukuru kwa kubaki na Sabiha. Sikuwa na mtu mwingine wa kumwachia, na kambini si mahali pa mtoto wa miaka miwili. Najua umemzika binti yako wa pekee na wewe ndiye uliyestahili kupumzika. Allah akulipe.

Naomba jambo moja. Gari la Nasra nimeliacha hapo uani kwako Nzuguni, chini ya turubai. Gari likikaa bila kutumika betri huisha polepole, maana ile saa ya ndani na king'ora cha wezi vinaendelea kula umeme hata kama hakuna mtu. Kila Ijumaa liwashe dakika chache tu, kisha ulizime. Ufunguo uko kwenye droo ya kabati la vyombo. Usiguse gia wala kukanyaga chochote. Zungusha ufunguo, basi.

Nguo zake ziligawiwa baada ya arobaini na ndivyo inavyotakiwa, sina neno. Lakini gari alilinunua kwa jasho lake la uuguzi, na hakulifaidi hata mwaka. Sitaki life.

Mkweo,
Rahimu


Nzuguni, Dodoma
10 Machi 2023

Baba Sabiha, mwanangu,

Marahaba. Waaleykum salaam.

Miaka yangu yote ya ualimu kule Kondoa niliwafundisha watoto kuanza barua na "mimi mzima, hofu ni kwako uliye mbali". Leo nimeshika kalamu naona tulikuwa tunawafundisha uongo wa adabu, maana katika sisi wawili mzima ni nani? Basi nianze na gari, kwa kuwa ndilo uliloliuliza.

Gari linawaka. Ijumaa ya kwanza nililiogopa kama ng'ombe mgeni zizini. Lilipounguruma nikaruka, Sabiha akacheka mpaka akakaa chini. Sasa tumezoeana. Nikishaswali adhuhuri natoa turubai, naingia upande wa abiria, kwa sababu upande wa usukani ni wa mwenyewe, nanyoosha mkono nawasha. Wewe ulisema dakika chache. Mimi saa yangu ya ukutani ilishakufa na ya simu siioni vizuri, kwa hiyo napimia Yasini. Nafungua msahafu, nawasha ile taa ndogo ya juu kwa ajili ya macho yangu, namsomea mwanangu Yasini moja, nikimaliza nazima injini. Gari linapata haki yake na mwenye gari anapata yake.

Sabiha anakaa kiti cha nyuma anaitikia "Amina" mahali pasipo na Amina.

Jambo la pili. Jana aliniuliza baba ni nani. Angalia vizuri, hakuuliza yuko wapi, aliuliza ni nani. Nikamtolea picha ya harusi yenu. Akakutazama weee, akasema, "Huyu wa kanzu?" Nikamwambia ndiye. Akaenda kucheza.

Rahimu, mtoto wa umri huu hana akiba ya kumbukumbu. Asipokuona atakusahau, na wala halitakuwa kosa lake. Mimi naweza kumlisha na kumwogesha, lakini kuwa baba yake siwezi. Njoo japo Idi.

Mama yako,
Mwanne binti Athuman


Kasulu
26 Aprili 2023

Mama,

Shikamoo. Idi mubarak, ingawa imepita.

Nimeshindwa kuja. Mvua imekata daraja la muda na msimamizi hakutoa ruhusa kwa mtu yeyote. Nimempa kondakta wa basi gauni la Sabiha na viatu. Muuzaji aliniambia rangi hiyo inawapendeza watoto.

Nimefurahi kwamba gari linawaka. Tafadhali usiruke hata Ijumaa moja.

Mkweo,
Rahimu


Nzuguni
9 Julai 2023

Baba Sabiha,

Gauni halikupita mabegani. Viatu navyo vimegoma kisiginoni. Ulimnunulia mtoto uliyemwacha, na yule hayupo tena, amekuja mwingine mrefu mwenye maneno mengi. Nimempa gauni mtoto wa jirani, usikasirike.

Nilitaka barua hii iishie hapo lakini sina pa kukwepea. Gari limekufa. Ijumaa nilizungusha ufunguo likafanya tik, tik, tik, likanyamaza. Nikazungusha tena, hata hiyo tik ikawa haipo. Huku ni msimu wa upepo, baridi inapenya mpaka mifupani, nikafikiri labda ni baridi. Nikalifunika na blanketi juu ya turubai. Cheka ukipenda. Jumamosi nikajaribu, Jumapili nikajaribu. Na kumbe ile taa ndogo ya juu niliisahau Ijumaa ya nyuma, nikafunga mlango nikaenda zangu.

Sitakuficha, nililia. Siku ya mazishi nilikuwa na watu wa kuwakaribisha na chai ya kuangalia, sikupata nafasi ya kulia nilivyotaka. Nimelia juzi, ndani ya gari, msahafu uko magotini na injini haiungurumi. Sabiha alidhani nimejigonga, akanipuliza goti.

Ulinipa kitu kimoja cha kutunza nikakiua. Nisamehe.

Mama yako,
Mwanne


Kasulu
2 Agosti 2023

Mama,

Shikamoo. Usijilaumu hata kidogo. Kosa ni langu, nilikuelekeza nusu nusu.

Iko hivi. Wakati wa kuwasha, injini inachota umeme mwingi sana kwenye betri kwa mara moja. Halafu injini ikishawaka inaanza kuurudisha, lakini kidogo kidogo. Gari likisimama pale pale muda wa Yasini moja kisha likazimwa, linakuwa limechukua zaidi ya lilichorudisha. Na taa ya juu nayo inakula. Ijumaa inayofuata linachukua tena. Kwa hiyo ulivyokuwa ukiliwasha kwa uaminifu ndivyo lilivyokuwa linakwisha. Betri haishibi kwa kuunguruma uani. Gari lilitakiwa litoke, liende mwendo mrefu, tuseme mpaka Mvumi na kurudi. Au ningefungua ule waya wa hasi siku naondoka, likalala bila kuliwa. Sikufanya lolote kati ya hayo kwa sababu siku ile nilikuwa na haraka ya kuondoka.

Usiliguse tena. Nitatuma fundi aje na betri nyingine.

Mkweo,
Rahimu


Nzuguni
30 Agosti 2023

Baba Sabiha,

Somo lako nimelielewa. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa vema. Nimelielewa mpaka nikakosa usingizi wa mchana, nami usingizi wa mchana siuchezei.

Kila Ijumaa simu inaita. "Sabiha hujambo? Umekula? Haya, mpe Bibi." Kwangu unauliza gari, unakata. Wewe unadhani umewasiliana na mwanao. Mimi ninayebaki hapa ndiye ninayeona. Anaishika ile simu mpaka alasiri akingoja iite tena. Akiitwa kula hataki. Usiku anaota. Jumamosi nzima analilia vitu visivyokuwepo. Ikifika Jumatano anaanza kutulia, anacheza, na Ijumaa unapiga tena. Unachukua zaidi ya unachorudisha, Rahimu. Maneno ni yako, mimi nimeyahamisha tu.

Usije ukafikiri nasema usipige. Nasema njoo. Kaa naye wiki, akuzoee, akuchoke, mgombane, mpatane. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuhusu gari, kila nikipita uani linanilemea moyo. Nimemwambia Sabiha fundi atakuja kulitibu. Kila hodi anakimbilia geti anauliza, "Ni fundi?"

Mama yako,
Mwanne


Kasulu
4 Novemba 2023

Mama,

Shikamoo. Nimesoma kwamba gari linakulemea, nami sipendi likuumize kila unapopita. Nimepata mnunuzi hapo Dodoma, anaitwa Tumsifu, ni mtu mwaminifu. Atakuja wiki ijayo kuliangalia na atalivuta mwenyewe. Fedha zote ziwe za Sabiha.

Kazi ni nyingi. Nitaandika zaidi nikitulia.

Mkweo,
Rahimu


Nzuguni
16 Novemba 2023

Rahimu,

Huyo Tumsifu wako amekuja. Nimempa maji ya kunywa kwa kuwa jua lilikuwa kali, na nimemwonyesha njia aliyokuja nayo. Mtu wa kutumwa hana kosa.

Katika karatasi nzima niliyokuandikia, nikikuomba mpaka aibu ikaniisha, wewe ukaona neno "gari". Kusoma unajua, nimekujua tangu unamposa mwanangu, barua yako ya posa ilikuwa nzuri kuliko mahari. Kwa hiyo najua ulisoma yote, ukachagua lile lisilouma.

Na nikukumbushe, gari lile si lako wala langu. Ni mirathi. Nusu yake ni ya Sabiha kwa kitabu, na mali ya mtoto haivutwi kwa kamba na mtu aliyetumwa.

Siku hizi majirani wanamwita yatima. Wakimpa andazi wanasema, "Mpe yule yatima." Nawakatalia. Nawaambia kwetu sisi Waislamu yatima ni aliyefiwa na baba, aliyefiwa na mama haitwi hivyo, maana mwenye jukumu lake yupo hai. Nimewaeleza wakanielewa. Halafu nimeingia ndani nimekaa kitandani nikajiuliza, sasa huyu mtoto, baba yupo hai na hayupo, mimi nimwiteje? Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote, sikupata neno.

Usitume mtu tena. Ukituma mtu nitafunga geti.

Mwanne


Kasulu
21 Januari 2024

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo mfukoni mpaka imechanika kwenye mikunjo. Nimeanza kujibu mara nyingi. Leo nitaandika bila kuangalia nyuma, na kama nitavuka mpaka wa heshima baina ya mkwe na mama mkwe unisamehe.

Sabiha anacheka kama Nasra. Kile kicheko kinachoanza kabla ya jambo lenyewe kuchekesha. Nikikisikia kwenye simu mkono unakata wenyewe, naapa sijui hata nimebonyeza lini. Halafu nakaa na simu iliyokatwa najichukia.

Huku Kasulu naweza kujidanganya. Najua ni uongo lakini unanisaidia kuamka. Najiambia Nasra yuko Nzuguni, leo ana zamu ya asubuhi, anawasha gari, anagombana na geti lile bovu. Ndiyo maana nilikuwa nauliza gari. Ukiniambia limewaka, wiki inakwenda. Lilipokufa nilikaa juu ya greda sikuweza kushuka, vijana wakadhani nimeugua. Nikija huko, nitafungua geti na nitakuta hayupo. Mpaka sasa sijafungua hilo geti, Mama. Nikilifungua atakuwa amekufa kweli.

Ndivyo nilivyo. Sijivunii. Lakini nitakuja. Wahenga walisema kawia ufike.

Mkweo,
Rahimu


Nzuguni
18 Februari 2024

Mwanangu,

Sasa umeandika barua. Mpaka wa heshima hukuuvuka, uliubomoa tu kidogo tupitishe pumzi.

Mimi nitakwambia langu. Nalala kwenye nyumba hiyo hiyo. Nikiamka natazama ukuta ule ule aliouegemea. Mimi sina Kasulu. Na kila siku natoka nje, napika uji, nasuka nywele, nacheka nikichekeshwa, kwa sababu kuna mtu mdogo anayeniangalia uso ili ajue kama dunia bado ipo. Hilo ndilo linaloniamsha, wala si uongo. Ungekuwa hapa lingekuamsha na wewe.

Hicho kicheko unachokikimbia ndicho kilichobaki cha mwanangu. Usikikatie simu. Kinaumiza, najua. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikikisikia naingia jikoni kukuna nazi isiyohitajika. Sasa hivi ndicho chakula changu.

Wahenga walisema kawia ufike, hawakusema kawia ukawie. Mimi nimechoka kidogo siku hizi, ni uzee tu na hili joto.

Mama yako,
Mwanne


Nzuguni
20 Mei 2024

Kaka Rahimu,

Habari za kazi. Mimi na wewe hatujaonana. Naitwa Yasinta, ni mpangaji wa Bibi kwenye chumba cha uani, nilihamia wewe ukiwa umeshaondoka. Napika kwenye shule ya jirani. Anwani yako nimeitoa nyuma ya bahasha zako, Bibi hajui kama nakuandikia na alinikataza. Atanisamehe.

Bibi anaumwa. Si uzee wala joto. Miguu inavimba mpaka kandambili haziingii, akilala anakosa pumzi, analala ameketi. Daktari amesema ni moyo, umetanuka. Ameanza siku nyingi, kabla hata ya mwezi wa Ramadhani, anavaa soksi watu wasione. Mficha maradhi kilio humuumbua, nilimwambia hivyo, akanijibu methali haitibu.

Jana tumempeleka Mvumi, amelazwa. Sabiha yuko kwangu. Mimi nikiwa kazini anabaki na binti yangu Gladness.

Wewe ni mtu mzima sina cha kukufundisha. Ila nakuomba kama mzazi mwenzio. Mtoto huyu akimpoteza Bibi atakuwa amewapoteza akina mama wawili, na baba anamjua kwenye picha ya harusi. Njoo wakati Bibi bado anaweza kumshika mkono akamwambia, huyu hapa ndiye.

Ni mimi,
Yasinta Mazengo


Kasulu
11 Juni 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Pole sana kwa maradhi. Yasinta ameniandikia, usimgombeze.

Nakutaarifu kwamba nimemtuma yule fundi. Amefika Nzuguni wewe ukiwa bado wodini. Ameweka betri mpya, ameondoa kutu kwenye vichwa vya waya, ameliwasha likawaka vizuri. Ameniambia alilizungusha mtaani muda wa kutosha, ili betri ishike. Amefungua waya wa hasi kabla ya kuondoka, kwa hiyo likikaa halitakufa tena.

Ameniambia mtoto ana afya nzuri, ni mrefu, nywele zimesukwa mistari na kufungwa shanga nyeupe. Amesema ana adabu, alimletea maji bila kutumwa.

Nitajitahidi kuja. Nimetuma kitu kidogo kwa Yasinta kwa ajili ya dawa.

Mkweo,
Rahimu


Nzuguni
30 Juni 2024

Baba Sabiha, mwanangu,

Wamenirudisha nyumbani. Daktari alinisifu sana, mara mimi ni jasiri, mara nina moyo wa subira. Nimefundisha miaka ya kutosha kujua mwalimu anasifu hivyo pale mtoto alipofeli hesabu. Kwa hiyo tusidanganyane tena, wewe na mimi. Sina muda mrefu. Nilikuficha kwa sababu nilitaka uje kwa ajili ya mwanao, usije kwa ajili ya mgonjwa. Ilikuwa kiburi changu na sasa naona kimenigharimu.

Barua yako nilisomewa na Yasinta nikiwa kitandani. Alipofika kwenye shanga nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamuuliza, umewahi kuona fundi wa magari anayepeleka taarifa za shanga?

Nikamwita Sabiha, nikamketisha pembeni yangu. Nitakuandikia alivyosema, neno kwa neno, maana masikio yangu bado ni ya mwalimu.

"Fundi alikuja, Bibi."

"Alikujaje?"

"Alisimama getini hakupiga hodi. Alisimama sana. Mimi nikaenda nikamuuliza, wewe ndiye fundi?"

"Akasemaje?"

"Hakusema. Nikamuuliza tena, wewe ndiye fundi wa gari la mama? Akasema ndiyo."

"Halafu?"

"Akatengeneza. Kidole chake hiki hakikunjiki. Nikamletea maji. Nikamwimbia. Nikacheka, akaanza kulia. Nikamuuliza unalia nini, akasema mafuta yameingia machoni."

"Alikupakia kwenye gari?"

"Ndiyo, mbele! Dada Gladness akakaa nyuma. Tukazunguka mpaka kule barabara kubwa. Akanifunga mkanda. Akanishika kichwa hivi. Halafu akaenda, akanipungia mkono mpaka kona."

Betri haina mafuta, Rahimu, hata mimi sasa najua hilo. Na kidole cha shahada kisichokunjika nilikiona siku ya ndoa, mkono wako ukiwa ndani ya mkono wa shemeji yangu aliyekuozesha, nikasema moyoni, kijana huyu amewahi kuumia, atajua kumtunza mwanangu asiumie.

Sikuandikii kukugombeza. Nilitaka kukugombeza, nikaandika karatasi nzima, nikaichana. Ulifungua geti. Lile geti uliloniambia hutaliweza, ulilifungua, ukaingia, ukamkuta mtoto, akakupa jina la mtu mwingine na wewe ukalipokea. Nimelia kwa ajili yako. Nimewaza njia yote hiyo ya basi kutoka hapa mpaka Kasulu, mtu ameketi dirishani na harufu ya mafuta ya nywele za mwanawe mikononi.

Lakini naye ana haki yake. Wiki nzima alikuwa akiuliza fundi atarudi lini. Anamtaka fundi. Hamtaki yule wa kanzu kwenye picha, anamtaka fundi aliyemfunga mkanda. Nikaona nikifa na siri hii nitakuwa nimemdhulumu. Nikamwambia. Nikamwambia Sabiha, yule hakuwa fundi, yule ndiye baba yako.

Hakuruka wala hakufurahi kama nilivyotarajia. Akaenda mpaka geti, akasimama pale, akarudi. Akapanda kitandani akanitazama kwa yale macho ya mama yake, akaniuliza:

"Sasa mbona hakusema?"

Nimemwambia nitamuuliza mwenyewe, na ndiyo nimekuuliza. Lakini usinijibu mimi, na usiandike. Kama nitakuwepo utanikuta, na kama sitakuwepo Yasinta atakuonyesha niliko. Njoo umjibu yeye. Kila asubuhi anaamka ananiuliza kama umeshajibu.

Mama yako,
Mwanne binti Athuman